Tangazo si Hati: Biashara ya Nyumba na Viwanja katika Intaneti

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mawakala wa nyumba, waalimu na watumishi wa umma mjini Dodoma.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya matumizi ya intaneti katika kutangaza biashara ya nyumba na viwanja. Nilipopokea barua ya mwaliko nilidhani nitakutana na wauzaji peke yao. Nafurahi kuona kwamba nusu ya viti vya ukumbi huu vimekaliwa na watu wa upande wa pili, yaani wanaopanga na wanaonunua. Ni vema wakasikia, kwa sababu nitakayoyaeleza si mbinu za kumficha mteja. Nitadai kinyume chake: kwamba katika biashara hii, na hasa katika intaneti, anayemficha mteja anajifungia duka lake mwenyewe.

Tuanze na mji huu tuliomo. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo. Utekelezaji ulichukua miaka mingi. Mwezi Julai mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia hapa. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Basi fikirini hali ya mtumishi wa wakati ule aliyepewa barua ya kuhama kutoka Dar es Salaam, mwenye mke na watoto watatu shuleni. Treni ya umeme haikuwapo, maana ilianza safari zake mwaka 2024. Mbele yake palikuwa na kilomita zipatazo 450 za kusafiri kwa basi, na ruhusa ya siku chache tu. Alichokuwa nacho mkononi ni simu. Akaandika humo "nyumba ya kupanga Dodoma", akasubiri majibu.

Mtu huyo ndiye soko lenu. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Moshi kwenda Tunduru ndiye soko lenu. Kijana aliyeko Muscat au London, anayetaka kumjengea mama yake nyumba Morogoro, naye ni soko lenu. Wote hao wanafanana kwa jambo moja: wanaamua juu ya kitu wasichokiona, kwa fedha walizozikusanya kwa miaka.

Hapa ndipo bidhaa yetu inapotofautiana na bidhaa nyingine zinazouzwa katika intaneti. Khanga ikichuja, mteja humrudia muuzaji akadai nyingine. Nyumba haibebeki kuletwa sokoni, wala haifungwi kwenye mfuko ikarudishwa. Zamani tatizo hilo lilitatuliwa kwa miguu. Dalali alimchukua mteja, wakatembea juani mtaa kwa mtaa, na katika kutembea huko mteja alijionea mwenyewe korongo lililo nyuma ya ukuta, akasikia kelele za mashine ya kusaga, akamsalimu jirani na kumwuliza habari za mwenye nyumba. Dalali hakuhitaji kuyasema hayo, kwani njia yenyewe iliyasema. Intaneti imeiondoa ile safari ya miguu, nasi tukashangilia kwamba muda umeokolewa. Lakini pamoja na safari tumeondoa ukaguzi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tangazo la nyumba katika intaneti ni kumrudishia mteja yale ambayo miguu yake ingemwonyesha.

Ndugu zangu, tangazo maarufu kuliko yote katika historia ya nyumba za Dar es Salaam halikuandikwa na wakala yeyote. Limeandikwa kwa rangi ukutani, mara nyingi kwa mkono usio na ufundi: NYUMBA HII HAIUZWI. Nani asiyelifahamu? Mgeni hulicheka, akauliza kwa nini mtu atangaze asichokiuza. Mwenyeji hacheki. Anajua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mjane ambaye mashemeji zake wamekwisha kuleta wanunuzi mara mbili, au kuna watoto sita wa marehemu ambao mmoja wao amechukua fedha za mtu kwa siri, au kuna mke ambaye mumewe ameonyesha nyumba kwa dalali alipokuwa amekwenda msibani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mjane hawezi kuibandika sheria mlangoni. Akanunua kopo la rangi.

Maandishi yale ni hukumu juu ya biashara yetu. Yanasema kwamba wako watu wanaouza visivyo vyao, na kwamba jirani, mnunuzi na hata mwenye nyumba mwenyewe hawana pengine pa kukimbilia ila ukuta. Sasa katika intaneti hakuna ukuta. Tapeli aweza kuipiga picha nyumba ya mjane kutoka barabarani asubuhi, na adhuhuri picha hiyo ikawa katika makundi ishirini ya WhatsApp, huku rangi ya ukutani imefutwa kwa kidole katika simu. Mimi ni mwandishi wa habari, nami najua kwamba picha haisemi uongo kwa hiari yake, husemeshwa.

Kabla sijafika kwenye ufundi, niseme maneno machache juu ya kile tunachokiuza, maana wengi tunakitangaza vibaya. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Ardhi yetu ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Umiliki wa ardhi wa milele, tuliourithi kwa wakoloni, ulifutwa mwaka 1963. Kinachohama kutoka mkono hadi mkono ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake, na hati zetu hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo tangazo linalosema "miliki ardhi yako milele" linaahidi kitu ambacho hakuna ofisi nchini inayoweza kukitoa. Aidha, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeigawa ardhi katika mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Shamba la kijiji linalotangazwa kama "viwanja vya makazi, nusu saa kutoka mjini" bado ni ardhi ya kijiji hata picha iwe nzuri kiasi gani, na halmashauri ya kijiji ina kauli yake. Na kwa wateja walioko ng'ambo, ulizeni uraia wao mapema kisha muulize ofisi ya ardhi kabla hamjapokea hata shilingi. Sheria ile ya 1999 iliweka mipaka mikali juu ya umilikishaji wa ardhi kwa wasio raia.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe. Chukueni matangazo kumi ya viwanja yaliyoko katika simu zenu. Nakisia kwamba manane yatakuwa na maneno haya: "Huduma zote za jamii zipo. Dakika tano kutoka lami. Bei maelewano." Dakika tano kwa chombo gani? Kwa bodaboda, kwa miguu, au kwa ndege? Na lami ipi? Maneno hayo hayampi msomaji kitu cha kuhakikisha, na kwa sababu hiyo hayamshawishi mtu makini. Yanawavuta wasio makini, ambao watakupigia simu mia moja na wasinunue.

Linganisheni na tangazo la namna hii: Kiwanja kiko Iyumbu. Kimepimwa, namba ya kiwanja na kitalu ni hizi. Ukubwa ni mita za mraba kadhaa. Hati imetoka, jina lililo katika hati ni la muuzaji mwenyewe. Matumizi yaliyoruhusiwa ni makazi. Bikoni zote nne zinaonekana, na picha zake ni hizi. Umeme uko nguzo ya pili. Maji hayajafika, majirani hununua kwa boza. Bei ni hii. Wakala ni fulani, ofisi yake iko mtaa fulani.

Mtaniambia, "Ndugu mwandishi, ukisema maji hayajafika utamfukuza mteja." Ni kweli, utamfukuza yule ambaye angeondoka siku atakapofika na kukuta ndoo zimepangwa foleni. Umejipunguzia safari moja na yeye umempunguzia nauli. Atakayebaki anajua, na hesabu yake imekwisha kujumuisha boza. Zaidi ya hayo, mtu akisoma kwamba umekiri jambo lililo baya, huyaamini na yale mema uliyoyasema. Katika mji huu ambao kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, hakuna mpangaji asiyeuliza habari za maji. Mwambieni katika mstari wa kwanza: yanatoka siku zipi, na tangi lina ujazo gani.

Kwa nyumba za kupanga ukweli mdogo mdogo ndio mkubwa. Mita ya Luku ni ya peke yako au mnachangia na wapangaji wengine? Ugomvi mwingi katika nyumba zetu za kupanga haukutokana na siasa wala dini, ulitokana na Luku. Choo kiko ndani? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Kodi inalipwa ya miezi mitatu, sita au mwaka? Ada ya dalali ni ya mwezi mmoja, na nani anailipa? Mwalimu aliyehamishwa, ambaye malipo yake ya uhamisho bado yanazunguka katika majalada, akiambiwa kodi ni shilingi laki mbili kwa mwezi atapiga hesabu ya laki mbili. Akifika akaambiwa alete ya miezi sita, na ya dalali, na ya kuonyeshwa nyumba, amekwisha kuacha mizigo stendi. Huyo hakupata nyumba, amenaswa.

Hapo hapo niseme juu ya bei. Kuna ugonjwa umeenea wa kuandika "bei njoo inboksi". Wanaouandika hudhani kwamba kuificha bei huanzisha mazungumzo. Kwa mtumishi mwenye mshahara unaojulikana, ambaye sheria inataka makato yake yasimwachie pungufu ya theluthi moja ya mshahara, bei ndiyo jambo la kwanza. Asipoiona hupita. Na kwa nini ifichwe? Mara nyingi ni ili ipandishwe kwa kumtazama mteja: zamani kwa viatu vyake, siku hizi kwa picha aliyoiweka katika simu yake. Jina la mtindo huo katika lugha yetu ni ulanguzi, hata ukifanywa kwa kidole.

Ndugu yake ulanguzi huo ni "cha juu". Mwenye nyumba humpa dalali mmoja taarifa, huyo humpa mwingine, mwingine humpa wa tatu, na kila mmoja huongeza chake. Matokeo yake nyumba moja ya Kisasa huonekana katika intaneti mara saba kwa bei saba. Mteja mwenye akili hutoa hitimisho moja tu, kwamba wote saba ni waongo. Dawa yake ni nyepesi, wala haihitaji kompyuta: mwenye nyumba ampe wakala mmoja barua ya idhini yenye tarehe na muda wake, na wakala aseme katika tangazo kwamba barua hiyo anayo. Leo mtu yeyote mwenye simu na vocha aweza kujiita dalali. Atakayejitofautisha nao ni yule atakayeweza kuonyesha karatasi.

Picha. Pigeni chumba kwa chumba, mchana, madirisha yakiwa wazi, na msisahau njia ya kuingilia, kwani nyumba nzuri isiyofikika kwa gari la wagonjwa ni habari ambayo mama mjamzito anapaswa kuijua. Picha ya video ifaayo ni ile inayoanza barabara kuu, ikafuata njia hadi mlangoni bila kukatwa. Dakika nne za namna hiyo zina thamani kuliko picha thelathini zilizong'arishwa. Lakini hata picha ya kweli ina msimu wake. Bonde la Msimbazi katika mwezi wa Septemba ni mahali pa kupendeza. Mwezi Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliwatoa watu mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, na mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Kiwanja cha karibu na mto kipigwe picha wakati wa masika, au tangazo liseme wazi maji hufika wapi. Vivyo hivyo kwa viwanja vya kando ya barabara kuu. Waliobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, mwaka 2017, baadhi yao walikuwa na nyumba za kupendeza sana pichani. Hakuna picha inayoonyesha mpaka wa hifadhi ya barabara; ramani ndiyo huonyesha.

Kuna jambo la lugha ambalo kwa waalimu nitalisema kwa moyo zaidi. Nimepitia kurasa nyingi za mawakala wetu. Matangazo yameandikwa Kiingereza kutoka juu hadi chini, yamejaa anasa na upekee, utadhani kiwanja kiko Manhattan. Mtafutaji wetu anaandika katika simu yake "chumba na sebule Ilazo" au "kiwanja chenye hati Kibaha". Mitambo ya kutafutia habari hulinganisha maneno na maneno. Usipoandika kwa maneno ya mteja, ni vigumu akuone. Andikeni jina la mtaa kama wakaazi wanavyolitamka, na alama inayojulikana: shule, zahanati, kituo cha daladala. Kiingereza kiwekwe chini kwa ajili ya mgeni anayekihitaji.

Juu ya kulipia matangazo sitakaa sana. Facebook na Instagram humwezesha mtangazaji kuchagua mji na umri wa watu watakaoliona tangazo lake, na fedha kidogo iliyoelekezwa vema yapita fedha nyingi iliyomwagwa. Msidanganywe na hesabu ya waliopenda picha. Wekeni daftari. Kila anayepiga simu aulizwe amepata wapi habari, iandikwe, aliyekuja kukagua aandikwe, aliyelipa aandikwe. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litawaambia fedha yenu irudi wapi. Nasema daftari pia kwa sababu ukurasa wenu katika mitandao hiyo si mali yenu: waweza kuibwa au kufungwa usiku mmoja, na wateja wa miaka mitano wakapotea nao. Ila majina na namba za watu ni amana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei mwaka 2023. Namba ya simu ya mteja haiuzwi kwa wakala mwingine kama gunia la mkaa.

Nageukia upande wa pili wa ukumbi. Ndugu waalimu na watumishi, tangazo si hati. Hata lile tangazo zuri nililolisifu halikupi haki yoyote. Linakupa mahali pa kuanzia kuuliza. Ukipewa namba ya kiwanja, iende kwa Msajili wa Hati, ufanyiwe upekuzi, ujue mwenye kiwanja ni nani na kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize matumizi yaliyopangwa. Mwulize jirani. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa ujirani, lakini muhuri wake haugeuzi kiwanja kisichopimwa kuwa kilichopimwa. Muulize muuzaji kama ana ndoa, na mwenzake aje atie sahihi. Kama uko mbali, mtume ndugu unayemwamini akasimame juu ya kiwanja akupigie simu ya video kutoka hapo. Na mtu akikuambia kuwa wanunuzi ni wengi, utume "kishika nafasi" leo hii kwa namba ya simu, kumbuka ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ambao kila mmoja wetu amewahi kuupokea. Ukitapeliwa, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi wapelekewe habari upesi pamoja na ujumbe wote ulioandikiwa, usifute hata mmoja. Lakini fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala wa simu na laini ikatupwa, hurudi kwa shida sana.

Hapa wakala mwaminifu asinune. Mteja afanyaye upekuzi anakusaidia wewe. Mwelekeze mwenyewe aende kwa Msajili, ikiwezekana mpeleke. Wizara imeanza kuhamishia kumbukumbu za ardhi katika kompyuta, na kadiri kazi hiyo inavyoendelea ndivyo yule anayeandika namba ya kiwanja katika tangazo lake atakavyozidi kupendelewa kuliko yule anayeandika "hati ipo njiani". Hati zilizo njiani katika nchi hii ni nyingi kuliko mabasi.

Jambo la mwisho nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa ni dogo na linafanywa na karibu kila mtu. Nyumba ikishapangishwa, tangazo liondolewe siku hiyo hiyo. Wengi huliacha kama chambo: mteja akipiga huambiwa "ile imechukuliwa asubuhi hii, lakini ninayo nyingine". Nimeona nyumba ambayo imekuwa ikichukuliwa "asubuhi hii" tangu mwaka juzi. Kama hamtaki kuliondoa, andikeni juu yake kwa herufi kubwa IMEPANGISHWA, na tarehe. Atakayeliona atajua kwamba ofisi yenu hufanya kazi, na kwamba bei za mtaa ule zilikuwa hizo, naye atawapigia mwenyewe pasipo kuvutwa.

Niko tayari kwa maswali. Naona mwalimu mmoja kule nyuma hajashusha mkono wake tangu nilipotaja Luku.